Nililia kompyuta iliponipangia dawa ya zamani

Siku kompyuta ya utafiti wa dawa iliponipangia wafarini, ile dawa ya zamani ya kulainisha damu kwa wagonjwa wa moyo kama mimi, nililia mpaka nesi akainuka akafunga mlango. Ilikuwa Machi 2018, nimetoka Morogoro na basi la alfajiri, sijala kitu, na kichwani nilishajiona nameza kile kidonge kipya, kimoja kwa siku basi, hamna mambo ya kutobolewa kila mwezi kupimwa damu. Mama mmoja wa Kibaha tuliyekaa naye benchi moja asubuhi ile, yeye kapata kipya. Nilimuonea wivu, tena wivu wa wazi kabisa, sitadanganya. Huo wivu nitaurudia huko mbele maana umekuja kunitesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Nirudi nyuma kidogo. Nimekulia Kilosa. Nikiwa darasa la nne la tano hivi nilikuwa mtu wa mafindofindo, koo likivimba bibi ananisukutulisha maji ya chumvi, zikipita wiki mbili tatu goti linavimba, goti likipoa inahamia kifundo cha mguu, mara kiwiko. Bibi akasema baridi yabisi, nikawa nachuliwa mafuta ya nyonyo jioni nalala. Simlaumu bibi, nani angemwambia? Kumbe ile ndo homa ya rumatiki. Wale bakteria wa koo wasipotibiwa, kinga ya mtoto inaweza kuchanganyikiwa, badala ya kupigana na mdudu inageukia mwili wenyewe, inapiga viungo na inapiga vilango vya moyo. Viungo vinapoa vyenyewe baada ya muda, ila vilango vinabaki na makovu na makovu yanazidi kukakamaa mwaka hadi mwaka wewe hujui unacheza rede tu.

Mimba mbili za kwanza zilienda vizuri. Ya tatu, 2011, nikaanza kushindwa kulala chali, nalala nimekaa nimeegemea ukuta kama mlinzi. Kituo nilichokuwa naenda wakasema pumu. Nimemeza vidonge vya pumu karibu miaka minne jamani, na kila nikivimeza moyo unaenda mbio zaidi, nikirudi kulalamika wananiongezea. 2015 nikaanza kukohoa damu, ikawa TB. Makohozi yamepimwa hamna kitu, yamerudiwa hamna kitu, lakini nikaanzishiwa dawa hivohivo na nimezimaliza miezi sita yote. Nina genge la mboga pale mtaani, wateja wakawa wanapita kwa mbali wananisalimia wanaenda kununua kwa mwenzangu. Yaani nilipoteza wateja kwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Aliyenikomboa ni tabibu kijana tu, alikuja kushika zamu ya mtu. Aliweka kile kipimo cha masikio kifuani akakaa nacho kimya muda mrefu mpaka nikaogopa, akaniambia mama hapa kuna sauti, nenda kapige eko. Sikujua eko ni nini. Ni ultrasound kama ile ya wajawazito ila wanapitisha kifuani, haiumi, inachukua muda kidogo tu. Kwahiyo wewe unayesoma hapa, kama umeambiwa pumu lakini unabanwa zaidi ukilala chali, au miguu inavimba jioni, au utotoni ulikuwa na magoti ya kuvimba na kuhamahama, usitoke hospitali bila kuomba usikilizwe moyo. Omba kwa adabu, ila usitoke.

Majibu yalikuja hivi: kilango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto kimesinyaa, damu haipiti vizuri, chumba cha juu kimetanuka kama puto, na mapigo yamevurugika hayana mpangilio. Damu ikituama mule inaganda, donge likichomoka likaenda kwenye ubongo ndo kiharusi. Nikaambiwa nahitaji dawa ya kulainisha damu maisha yangu yote, na kilango nacho kitafutiwe foleni yake ya kutengenezwa.

Hapo kwenye kliniki ndo nikaulizwa kama ningependa kushiriki utafiti. Na hapa ndo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote, kwahiyo naomba usome taratibu.

Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiswahili, kurasa nyingi. Nesi akanisomea, akawa anasimama kila mahali ananiuliza, mama umeelewa? Mimi ndiyo. Hapa je? Ndiyo. Nilikuwa naitikia kama niko msikitini! Kichwani nilikuwa nimesikia neno moja tu, bure. Nikaamini nikisaini watanitengeneza kilango changu bure, dokta wa utafiti ndo dokta mkubwa zaidi, na dawa ya utafiti lazima iwe bora ndo maana wanaifanyia utafiti. Vyote vitatu si kweli. Utafiti ule ulikuwa unauliza swali moja, kati ya dawa mbili hizi ipi inawakinga zaidi watu wa aina yako, na sababu ya kuuliza ni kwamba hakuna anayejua. Hakuna. Hata maprofesa wao. Kama wangejua kipya ni bora wangetuandikia wote kipya, kwisha.

Nyumbani nako palikuwa na yake. Mama mkwe kasema wanachukua damu wanauza, shemeji kasema frimasoni. Baba watoto yeye alikuwa upande wangu kabisa, mpaka akazidisha, siku ya kupangiwa dawa alimvuta nesi pembeni akamuuliza tukikupa ya chai si unaweza kumuweka mke wangu kwenye kile kidonge kipya? Nesi alicheka mpaka akakaa. Akamwambia baba, hata mkurugenzi akija na gunia la hela, kompyuta ndo inapanga na mimi naona jibu sawa na nyie mnavyoliona. Wanafanya hivo makusudi, kwasababu daktari akichagua mwenyewe atampa mgonjwa anayemuhurumia kile anachodhani ni bora, mwisho wa siku huwezi kujua kilichosaidia ni dawa au ni kwamba waliopewa walikuwa na hali nzuri toka mwanzo.

Utafiti wenyewe unaitwa INVICTUS, naweza kuutaja maana matokeo yake yako wazi dunia nzima. Watu 4565 waliandikishwa, nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake, karibu robo tatu. Upande mmoja wafarini na ndugu zake, dawa ya zamani sana, rahisi, ila lazima upimwe damu mara kwa mara. Upande mwingine rivaroksabani, kidonge kipya, hakihitaji kipimo cha kila mwezi. Kitu kilichoniuma nilipokielewa baadaye ni hiki, hizi dawa mpya zilishafanyiwa majaribio makubwa kabla, maelfu kwa maelfu ya watu, lakini mtu mwenye kilango kilichosinyaa vibaya kama changu alikuwa anawekwa nje toka mlangoni. Ugonjwa wetu huko kwa matajiri ulishakuwa hadithi, umebaki huku kwetu, basi hata swali letu lilikuwa halijaulizwa.

Haya, maisha ya wafarini. Kuna kipimo kinaitwa INR. Mtu wa kawaida ana 1, mimi nilitakiwa nikae kati ya 2 na 3. Chini ya 2 damu inaganda, ikipanda sana unatoka damu. Mwanzo nilikuwa napimwa kila wiki, 1.3, 1.4, wanaongeza dozi, 1.7, wanaongeza, hop 3.6, wanapunguza. Nilikuwa nakata tamaa nadhani mwili wangu mbovu, kumbe hata kwenye matokeo ya utafiti imeandikwa mwanzoni ni kama theluthi moja tu ya watu wa wafarini walikuwa ndani ya hiyo 2 mpaka 3, ila kadri walivyofuatiliwa wakavuka nusu. Kwahiyo ukiona namba zinarukaruka miezi ya kwanza usiitupe dawa.

Kuhusu mboga. Mtu aliniambia mgonjwa wa wafarini haruhusiwi majani kabisa, na mimi ndo muuza mchicha! Nikawa nauza mchicha, matembele, kisamvu, mwenyewe nala dagaa na ugali mkavu. Miezi miwili. Halafu ikaja shughuli ya mdogo wangu nikala kisamvu cha nazi siku tatu mfululizo kama mtu aliyefunguliwa jela, kwenda kupima INR imeshuka 1.5. Dokta akaniambia tatizo si mboga, tatizo ni kurukaruka. Majani yana vitamini K na vitamini K inapingana na wafarini, kwahiyo kula kiasi kilekile wiki zote, dozi itapangwa kufuata mlo wako. Tangu siku hiyo nala sahani yangu ndogo ya mboga kila siku na namba zimetulia.

Kosa lililotaka kuniua lakini lilikuwa la duka la dawa. 2019 tumbo lilinichafuka, nikaenda duka la jirani nikapewa flajili na septrini, si ndo tunavyofanya wote? Sikusema natumia wafarini, na yeye hakuniuliza. Siku ya tano napiga mswaki damu haikati, asubuhi mto umelowa, mkojo kama juisi ya rozela. Nilipofika INR ilikuwa imepita 7. Hizo dawa mbili zote zinaipandisha wafarini, na mimi nilimeza zote pamoja. Nililazwa siku nne. Toka hapo natembea na kikaratasi kwenye kava la simu kimeandikwa NATUMIA WAFARINI, nikienda duka lolote, kung'oa jino, popote, nakitoa kabla sijasema shida yangu. Hata dawa za maumivu kama diklofenaki na asprini usijinunulie. Na miti shamba pia, najua nitakasirisha watu, ila unga wa mlonge ni majani, na majani ni vitamini K.

Gharama nizisemeje. Vipimo na dawa za utafiti sikulipa, nauli nilirudishiwa kwa tiketi (tiketi nilizipoteza mara mbili, ni uzembe wangu, weka bahasha moja tu ya mambo haya). Lakini kuna gharama ambazo hazina tiketi. Siku ya kliniki genge limefungwa na mboga haisubiri, ikilala imekufa. Chai na chapati Ubungo. Binti yangu mkubwa alikuwa anakosa shule siku hizo akae na wadogo zake, nimekuja kugundua mwalimu alishamuandikia mtoro. Kama unaingia utafiti wa miaka kaa na familia mpige hesabu ya siku, sio ya hela tu.

Na kuna jambo tunaloona aibu kuliongea. Wafarini inaweza kumharibu mtoto tumboni hasa miezi mitatu ya kwanza, na kwa kilango kama changu mimba yenyewe ni hatari kwa mama. Kwahiyo suala la uzazi wa mpango liliulizwa mapema, na majibu nilirudi nayo nyumbani. Nina mabinti watatu. Baba watoto alikuwa anataka wa kiume, hakusema, ila niliishi naye najua. Tulinuniana karibu mwezi. Kilichosaidia ni kumbeba kwenda naye kliniki aonyeshwe moyo wangu kwenye ile skrini ya eko, kile kilango kinavyofunguka kidogo kama mlango wenye kutu. Alitoka pale hakuongea mpaka Chalinze. Hajawahi kulitaja tena.

Yule mama wa Kibaha tukawa marafiki. Mahudhurio yetu hayakuwa yanakutana kila mara, mimi narudi kila mwezi yeye anakaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudi, tulikuwa tunatumiana meseji. Alikuwa ananitania, wewe na mchicha wako, mi nimemeza changu nimemaliza. Kipindi cha korona 2020 nilimuonea wivu tena kwasababu yeye alikuwa anakaa kwake na mimi lazima niende kupimwa nimejifunika barakoa mbili, naogopa kila mtu anayekohoa kwenye basi.

Alifariki Februari 2021. Amelala vizuri, asubuhi hakuamka. Binti yake ndo alinipigia.

Agosti 2022 matokeo yakatangazwa kwenye mkutano wa madaktari wa moyo kule Barcelona, Hispania. Mimi nilijua kwa nesi, alinipigia akaniuliza mama umekaa? Wote walitegemea kidonge kipya kitafanya sawa na wafarini au zaidi. Ikawa kinyume. Kati ya watu 2275 wa rivaroksabani waliohesabiwa mwishoni, 560 walifariki au kupata kiharusi au balaa lingine la aina hiyo. Kati ya 2256 wa wafarini walikuwa 446. Na tofauti yenyewe kubwa ilikuwa kwenye vifo, na kutokwa damu vibaya hakukuwa na tofauti kubwa kati ya pande mbili kama tulivyokuwa tunaogopa.

Nilitakiwa nifurahi eti. Nilikaa kwenye kigoda cha genge nikalia kilio kilekile cha 2018 ila sasa kimegeuzwa. Nilikuwa nimemuonea wivu mtu kwa kitu gani? Nikamuuliza nesi, kile kidonge ndo kilimuua? Akaniambia ukweli ambao sikuupenda, kwamba kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kusema, moyo wake ulikuwa unaumwa kama wako, na watu mia kadhaa wa wafarini nao hawapo. Tofauti inaonekana ukiwahesabu maelfu pamoja. Nilikasirika nikaona ananikwepa. Imenichukua muda kukubali kwamba alikuwa ananiheshimu.

Kwanini wafarini ilishinda, wataalamu wenyewe wanabishana. Wapo wanaosema labda kwasababu sisi wa wafarini tulikuwa tunaonana na daktari kila mwezi, tatizo likianza linaonekana. Mimi sio mtaalamu ila kwa upande wangu naiamini hiyo kidogo, maana mara mbili nimefika pale kwa ajili ya INR tu nesi akaangalia miguu yangu akasema mama umevimba wewe, hutoki hapa. Ndo maana nikisikia mtu anaringa kwamba dawa yake haihitaji kliniki, namwambia kliniki nenda hivohivo.

Niliambiwa kwenye ile orodha ndefu ya walioandika matokeo yupo Dk. Pilly Chillo wa Muhimbili, wapo wa Kenya na Uganda, na yupo Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town ambaye alipigania huu ugonjwa wetu miaka mingi na akafariki 2018, mwaka niliosaini mimi. Majina yetu wagonjwa hayapo, na ni sawa, ndo usiri. Ila nikiona ile 2256 najua mmoja ni mimi.

Baada ya utafiti kuisha nimerudi kuwa mgonjwa wa kawaida. Vidonge vya wafarini si ghali, kipimo ndo kinakamua, na miezi mingine nimeruka kwa kukosa hela, sijivunii. Hili ndo swali ambalo ningeuliza 2018 kama ningekuwa na akili ya leo: mkimaliza, dawa na kipimo napata wapi? Lingine ningeuliza matokeo nitayajuaje, na nikitaka kutoka katikati nitaendelea kutibiwa? (Unaweza kutoka siku yoyote na matibabu yako ya kawaida hayakatwi, hilo lilikuwa kwenye fomu ila mimi nilikuwa naitikia ndiyo.) Na fomu unaruhusiwa kwenda nayo nyumbani kulala nayo, mimi nilidhani ni mtihani unakusanywa.

Sasa wiki iliyopita kanipigia yule binti wa marehemu rafiki yangu. Mtoto wake wa miaka tisa amepigwa eko, kilango kimeanza kubadilika kidogo sana, hana dalili yoyote, anacheza mpira. Wameombwa waingie utafiti wa sindano ya penisilini, ile ya kuzuia wale bakteria wa koo wasirudi. Akaniuliza, mamdogo, niingie au wataniulia mtoto? Nikamwambia mimi siwezi kukuamulia, ila najua ile sindano inauma kweli, na najua kule Gulu kaskazini mwa Uganda waliwafuatilia watoto 818 wenye hali kama ya mwanao kwa miaka miwili, waliochomwa kila wiki nne walioendelea kuharibika walikuwa 3 tu, wasiochomwa 33. Kwahiyo muulize huyo dokta, kama hilo limeshajulikana, huu wenu unauliza nini kipya, na kuna mtoto atakayeachwa bila sindano? Na mtoto mwenyewe aulizwe, miaka tisa anaelewa.

Jioni akanitumia picha za fomu, kurasa tisa. Nimevaa miwani nikakaa nazo genge lote limeshafungwa, nikasoma neno kwa neno. Kuhusu nauli ipo, kuhusu kutoka ipo, swali la utafiti limeelezwa vizuri tu. Ukurasa wa saba wanasema sindano zitatolewa kwa muda wa utafiti, halafu kimya, hakuna mstari unaosema baada ya hapo nani anachoma. Nimempigia saa hiyohiyo nikamwambia kesho uanzie hapo.